Gurudumu Moja Lilitazama Lokichoggio

Siku rotile ya kushoto ilipochomoka, gari lilikuwa linarudi nyuma polepole ndani ya uwanja wetu, kati ya jiko la mama na mti wa mwarobaini. Sauti yenyewe ilikuwa ndogo tu, tak, kama mtu amevunja mfupa wa kuku. Kaka akazungusha usukani, hakuna kitu. Tukashuka, tukazunguka mbele kutazama. Gurudumu la kulia lilikuwa limenyooka kuelekea Lodwar. La kushoto lilikuwa limejigeuzia huko, linatazama Lokichoggio.

Watoto wa jirani walicheka sana. Mimi sikucheka. Wiki mbili kabla ya siku ile nilikuwa nimewapakia watoto tisa wa timu yetu ya mpira ndani ya Probox hiyohiyo, tukaenda Kalobeyei kucheza na tukarudi giza limeshaingia. Tisa, ndiyo, najua gari lile ni la watu watano. Lakini si hilo peke yake. Nilijua kwamba rotile ile ilikuwa imelegea, maana miezi mitano nyuma mimi mwenyewe nilishika tochi wakati fundi mmoja akiigonga kifuniko kwa nyundo ili ibane. Alisema itakaa. Tulimpa shilingi 300, tukaona tumeokoa pesa.

Basi, baada ya siku ile nilitaka kujua hicho chuma kidogo kama ngumi ya mtoto kilitoka wapi, na nani aliamua kwamba maisha ya watu yashikiliwe na kitu kama hicho. Nimesoma nilichoweza kusoma, na nimemuuliza mzee wetu fundi, jirani wa blok yetu, ambaye alijifunza kazi hiyo Uvira kabla ya vita.

Kwanza majina, kwa sababu hapo ndipo tulipogombania. Mimi nimesema rotile kwa sababu mzee anasema rotile. Ni Kifaransa cha Wabelgiji kilichobaki kwenye magereji ya Kongo, pamoja na volani, kiriki na bulo. Dukani hapa Kakuma ukiomba rotile muuzaji anakutazama tu. Yeye anajua tairodi endi, na kiriki kwake ni jeki, na bulo ni bolti. Hicho nacho ni Kiingereza kilichobaki kwenye magereji ya Kenya. Kwetu Uvira magari yanapita upande wa kulia wa barabara, hapa yanapita kushoto. Kila mkoloni aliacha upande wake na majina yake ya vyuma, na sisi tuliovuka mipaka tunabeba yote mawili mdomoni.

Ila neno usukani halikuletwa na hao wawili. Ni la zamani kuliko gari lenyewe. Linatoka kwenye Kiarabu, sukkan, na watu wa pwani walilitumia kwa ule ubao wa nyuma ya jahazi unaogeuza chombo. Mpini wa kuushikia waliuita kana. Na jambo lililonifurahisha ni hili: magari ya kwanza ya Ulaya hayakuwa na duara la kuzungusha. Yalikuwa na mpini tu, kama kana ya jahazi. Duara lilionekana mwaka 1894, kwenye mashindano ya kutoka Paris hadi Rouen, kwenye gari la Mfaransa Alfred Vacheron. Kwa hiyo mbaharia wa Lamu angewekwa kwenye gari la mwaka 1890 angekuwa na mahali pa kushika. Mzee niliposema hivyo aliguna tu, akasema mbaharia angeua watu.

Sasa shida yenyewe ya kukata kona. Mzee alinichorea mchangani kwa kijiti. Gari likikata kona, gurudumu la ndani linazunguka duara dogo, la nje linazunguka duara kubwa. Wapange watoto wawili, kila mmoja ashike ncha ya fimbo moja, wazunguke bomba la maji: wa ndani anapiga hatua fupi, wa nje karibu anakimbia. Tena hawatazami upande mmoja sawasawa. Wa ndani lazima ajikunje zaidi. Ukiyalazimisha magurudumu yote mawili ya mbele yageuke kiasi kilekile, moja litaburutwa. Utaona tairi linaliwa na utasikia usukani unapigana na wewe.

Magari ya farasi ya zamani hayakuwa na njia ya kulitatua hili, yalikwepa tu. Ekseli nzima ya mbele, pamoja na magurudumu yake mawili, ilizunguka juu ya pini moja ya katikati. Ni rahisi kutengeneza, lakini ukikata kona kali gari linabaki limesimama kama juu ya miguu mitatu, linapinduka. Na gurudumu moja likigonga jiwe, ekseli yote inarushwa upande. Daktari mmoja wa Uingereza, Erasmus Darwin, babu yake yule Charles Darwin wa vitabu vya baiolojia, alikuwa akizunguka kwa wagonjwa kwa gari la farasi kwenye barabara mbovu. Katika karne ya 18 alifikiria namna nyingine: ekseli ikae palepale, kila gurudumu ligeuke juu ya pini yake. Hakuisajili. Ikabaki kwake.

Kisha anakuja mtu ambaye nataka tumkumbuke, Georg Lankensperger, fundi wa magari ya farasi mjini Munich. Aliunda kitu hichohicho kwa mikono yake: ekseli isiyozunguka, kila gurudumu la mbele na bawaba yake, na fimbo ya kuyaunganisha. Hiyo fimbo ndiyo tairodi. Iliyochomoka kwetu ni ncha ya mjukuu wake. Lakini Lankensperger alikuwa Munich, na soko lilikuwa London. Alihitaji mtu wa kule. Akampata Mjerumani mwenzake aliyekuwa akiishi London, Rudolph Ackermann, na mwaka 1818 Ackermann akaisajili hati ya uvumbuzi Uingereza kama wakala wake. Leo ukisoma kitabu chochote cha ufundi wa magari, hesabu ile ya magurudumu mawili kugeuka tofauti inaitwa kwa jina la Ackermann. Jina la Lankensperger unalikuta kwenye historia tu, na mara nyingi hulikuti.

Niliposoma hapo nilikasirika. Si tunajua sisi? Mtu anafanya kazi, lakini mwenye karatasi ndiye anayeandikwa. Nilikuwa tayari nimeshaiandika insha hii kichwani, na Ackermann ndiye mwizi ndani yake.

Halafu nikaendelea kusoma. Ackermann mwenyewe hakuzaliwa London. Alizaliwa Saxony mwaka 1764, mtoto wa mtengeneza matandiko ya farasi, akajifunza kazi ya magari ya farasi, akazunguka Ulaya hadi akafika Uingereza. Aliheshimika kwa uchoraji wake, hata gari lililobeba jeneza la Admiral Nelson alihusika kulibuni. Alifungua pia duka la picha na vitabu. Na wakati wa mapinduzi ya Ufaransa, watu walipokimbilia London bila kitu, mapadri, watu wa koo kubwa, wanawake waliokuwa hawajawahi kufanya kazi, Ackermann aliwapa kazi za mikono kwenye karakana yake. Walikuwa wanapamba vifaa vidogo vya nyumbani ili viuzwe dukani. Wengi, si mmoja wala wawili. Na vita vya Napoleon vilipoharibu Saxony mwaka 1813, alikuwa mbele katika kukusanya michango ya kuwasaidia walioumia kule alikozaliwa.

Kwa hiyo yule niliyemwita mwizi alikuwa mgeni aliyewapa kazi wakimbizi. Sijui nimweke wapi sasa. Tulibishana naye kwenye kikundi chetu cha vijana Jumamosi moja nzima. Dada mmoja alisema kuwapa watu kazi ya kupamba hakumpi ruhusa ya kubaki na jina la mwingine. Kijana mwingine akasema hakubaki nalo yeye, waliokuja baadaye ndio walioliandika hivyo kwa sababu karatasi ya Uingereza ndiyo waliyoiona. Mimi naelekea upande wa huyo wa pili, ila tangu siku hiyo nikieleza nasema jina la Lankensperger kwanza.

Watengenezaji wa London, hata hivyo, hawakuipenda. Farasi alijua kuvuta, ekseli ya zamani ilitosha, kwa nini kuongeza vyuma? Kitu kikalala. Kilichokiamsha ni injini. Mwaka 1873, huko Le Mans Ufaransa, Amédée Bollée aliunda gari kubwa la mvuke ambalo kila gurudumu lake la mbele lilikuwa na bawaba yake, akaliita L'Obéissante, yaani Mtiifu. Mwaka 1878 Charles Jeantaud wa Paris akaonyesha kwa mchoro namna ya kuelekeza ile mikono midogo ya magurudumu ili la ndani lijikunje zaidi bila dereva kufikiri. Na Karl Benz, mwaka 1886, gari lake maarufu lilikuwa na magurudumu matatu. Watu huuliza kwa nini matatu. Ni kwa sababu hakuwa amepata njia iliyomridhisha ya kugeuza mawili ya mbele! Moja halina wa kugombana naye. Gari lake la magurudumu manne lenye bawaba mbili lilitoka mwaka 1893, miaka 75 baada ya ile hati ya London.

Rotile yenyewe, kile kichwa cha mviringo kinachozunguka ndani ya kikombe, ilikuja baadaye zaidi. Mjerumani Fritz Faudi aliisajili mwaka 1922. Ukikishika mkononi kinafanana na nyonga ya mbuzi ukiwa unapasua nyama, kichwa ndani ya shimo. Kinageuka kila upande lakini hakitakiwi kuchomoka. Ndani kuna grisi, nje kuna kofia ya mpira. Kofia ikipasuka vumbi linaingia, na vumbi na grisi pamoja ni msasa. Kikombe kinaliwa kutoka ndani, huoni kitu. Ndiyo maana kugonga kifuniko kwa nyundo ni uongo. Unabana palipobaki, hurudishi palipoliwa.

Na hapa kwetu vumbi si la kuuliza. Lakini kuna historia nyingine ya kwa nini magari ya upande huu yanakufa miguu, nayo ni ya barabara. Miaka ya 1980 Norway ilitoa pesa za kujenga barabara ya lami kutoka Kitale hadi Lodwar. Mwaka 1990 serikali ya Kenya na ya Norway zilivunja uhusiano wa kibalozi, na miradi ya Norway hapa Turkana ikafungwa. Wakati huohuo mzigo ndio uliokuwa unaongezeka: Lokichoggio ilikuwa kituo cha misaada ya Sudan Kusini tangu 1989, na mwaka 1992 kambi ya Kakuma ikafunguliwa kwa vijana waliotoka kwenye vita hivyo. Malori ya chakula, ya mafuta, ya mabati, yote juu ya njia moja iliyokosa matunzo. Miaka ya karibuni sehemu kubwa imejengwa upya na inapendeza. Ila toka kwenye lami, ingia ndani ya kambi, au vuka laga baada ya mvua, utarudi kwenye mawe. Nyinyi mnaopanda Land Cruiser nyeupe mnasikia kidogo tu, maana ile ekseli yake ya mbele ni chuma kizima na vijiti vyake ni vinene kama mkono wangu. Nazo zina rotile hizohizo kwenye ncha. Muulizeni dereva wenu siku moja zilibadilishwa lini.

Turudi uwanjani. Mzee alikuja na kopo lake la spana, akalala chini, akashika gurudumu la kulia, lile lililokuwa bado zima, mkono mmoja saa tatu na mwingine saa tisa. Akalitikisa.

"Hii nayo ilishakufa," akasema. "Iko nacheza."

Kaka akasema hapana mzee, ya kulia haijatoka, tununue moja. Ana deni la gari lile kwa chama cha kina mama, na kila siku likikaa bila kubeba watu deni linamtazama. Jioni hiyohiyo alikuwa na abiria. Mzee hakubishana. Alinyoosha mkono hadi kwenye usukani, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni, akaketi juu ya ndoo.

"Mzee, tafadhali," kaka akasema.

"Mtoto wangu, wewe unataka kubeba watu na nusu gari?"

Tulikaa hivyo muda mrefu. Kwenda Lodwar kwenye gereji yenye mashine ni kama kilomita 120, na gari halitembei, na sisi kutoka kambini tunahitaji kibali. Rotile moja ilikuwa shilingi 1,400. Mwishowe nilisema mimi nitalipa ya pili kutoka kwenye posho yangu ya insentivu. Wanaofanya kazi na mashirika wanajua posho hiyo ni ndogo kiasi gani. Kaka aliniuliza kwa nini, na sikumjibu mbele ya mama. Watoto tisa. Mmoja wao, yule kipa, alikuwa amekaa palepale mwarobaini anatuangalia.

Kazi yenyewe ilituchukua kuanzia saa tatu asubuhi ya kesho yake hadi saa saba. Tuliweka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma. Nati za tairi zinalegezwa gari likiwa chini, ndipo unapiga jeki. Kisha gogo chini ya gari, maana mzee hamruhusu mtu kulala chini ya gari lililoshikwa na jeki tu. Kwenye uzi wa fimbo kuna nati ya kubana. Unailegeza kidogo tu, nusu mzunguko, ili alama ya zamani isipotee. Unatoa pini ya waya na nati ya chini. Halafu pale watu wengi huharibu: wanapiga ncha ya rotile kwa hasira mpaka nyuzi zake zinakufa. Mzee aligonga ubavuni, kwenye jicho la mkono wa gurudumu, nyundo mbili pande mbili kwa pamoja. Mara ya tano ikaachia yenyewe, ikaanguka.

Kisha unaifungua kutoka kwenye fimbo na unahesabu. Mimi nilipewa kazi ya kuhesabu kwa sauti. Kushoto ilitoka kwa mizunguko 19. Kulia 17 na nusu. Mpya inaingia kwa hesabu ileile, kwa sababu huo urefu ndio unaoamua gurudumu linatazama wapi. Nilipofika 19 nilisimama, mzee akaniambia niitoe nirudie, kwa kuwa alinisikia nimeruka 11. Kweli nilikuwa nimeiruka.

Mwisho tulivuta uzi wa mshonaji kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, pande zote mbili, kisha tukapima kwa futi umbali kati ya matairi ya mbele, kwa mbele na kwa nyuma yake. Tofauti ilikuwa milimita 6. Mzee akazungusha fimbo robo, tukasukuma gari mbele na nyuma, tukapima tena. Tukaishia milimita 2. Akasema hapo sawa kwa macho ya mtu, mashine ingesema zaidi.

Kaka aliwasha, akaenda hadi laga na kurudi mara tatu bila abiria, mzee ameketi pembeni yake na mkono umeshika mlango. Waliporudi mzee ndipo alipomrudishia ufunguo, ingawa alikuwa ameshauendesha nao. Alichofanya ni kuuchomoa tena na kumkabidhi mkononi. Malipo alikataa, akakubali sukari kilo mbili.

Rotile mbili za zamani ziko kwenye meza ya kikundi chetu cha vijana. Ile iliyogongwa ina alama za nyundo zinazong'aa pembeni, na watoto wanapenda kuingiza kichwa kwenye kikombe na kukichomoa, kinatoka bila nguvu yoyote. Kipa ndiye aliyeniuliza kama ndiyo iliyokuwa kwenye gari siku ya Kalobeyei. Nikamwambia ndiyo. Alikichomoa kichwa mara mbili zaidi, akakirudisha, hakusema kitu. Jumamosi iliyofuata tulienda kwenye mechi kwa miguu.

Tairi la kushoto limeanza kuliwa kidogo upande wa ndani. Uzi wa mshonaji bado uko kwetu. Kesho asubuhi, kabla jua halijapanda, tutapima tena.